MBOLEA KWA MISINDANO ILIYOFIKA UMRI WA KATI
Maelezo kwa wakulima wenye mashamba ya miti ya mbao

Kila mwaka, mvua zikisha kushika na mahindi yakisha kutiwa mbolea ya kukuzia, wakulima wa Mufindi, Njombe na Makete huja na swali moja: "Nimebakiwa na mfuko mmoja wa yuria. Je, nikaitie misindano yangu? Ina miaka tisa sasa, nami naona kama imesimama." Swali hili ni jema, na jibu lake si refu: huenda yafaa, walakini si leo. Ipo kazi itanguliayo, na mtu asiyeifanya kazi hiyo atakuwa kama aliyempakulia mwenziwe chakula huku amemfunga mikono.

Sitaki msomaji apokee maneno haya kama amri. Nataka ajue sababu, maana mashamba hayafanani, naye aliyeijua sababu ataweza kuamua mwenyewe akiwa peke yake shambani.

Msindano uliozoeleka kwetu ni Pinus patula, mti uliotoka Mexico, wenye sindano ndefu zinazoning'inia. Ndio uliopandwa kwa wingi katika Shamba la Miti la Sao Hill, na ndio unaopandwa na wakulima wengi wa Nyanda za Juu za Kusini. Wengine huuita mpaini au msonobari. Katika maelezo haya nitautaja kwa jina la msindano.

Jinsi mti unavyokula

Mbolea haigeuki kuwa ubao. Neno hili lishikwe kwanza, kwa kuwa makosa mengi hutoka katika kulisahau. Ubao hufanyizwa na majani: sindano hushika hewa na nuru ya jua, na mizizi huleta maji, na kutoka katika vitu hivyo mti hujifanyizia shina lake. Kazi ya mbolea ni kuuwezesha mti kuwa na sindano nyingi zaidi, ndefu zaidi, na zenye kijani kilichokolea. Sindano hizo zikipata nuru, shina hunenepa. Zisipopata nuru, mbolea haikufanya kitu.

Sasa tazama maisha ya shamba la misindano tangu kupandwa. Katika miaka ya kwanza miche ni midogo, wala haihitaji chakula kingi. Udongo ungali na akiba iliyotokana na nyasi na mizizi iliyooza wakati wa kulima. Baadaye, katika mwaka wa tano, wa sita au wa saba, matawi ya mti huu hugusana na matawi ya mti ule, na chini kunakuwa na giza. Hapo ndipo shamba linapohitaji chakula kingi kuliko wakati mwingine wo wote, maana sindano zimejaa. Na hapo ndipo akiba ya udongo inapoanza kupungua. Naitrojeni iliyokuwa katika udongo sasa imo ndani ya mashina na matawi, na nyingine imelala katika lile zulia nene la sindano kavu unalolikanyaga uingiapo. Zulia hilo huoza polepole sana, hasa mahali pa juu penye baridi kama Makete. Chakula kipo shambani, lakini kimefungiwa ghalani.

Hii ndiyo njaa ya umri wa kati. Mti hauonyeshi kufa wala kunyauka. Unaendelea kusimama ukiwa kijani, bali unene wake huongezeka kidogo mno kila mwaka, na mwenye shamba husema, "Umesimama."

Kuna faida mbili za kuushibisha mti wakati huu kuliko kuushibisha ukiwa mche. Ya kwanza ni kwamba fedha haikai muda mrefu ardhini. Atiaye mbolea siku ya kupanda hungoja miaka 18 au zaidi kabla ya kupasua mbao. Atiaye katika mwaka wa kumi hungoja minane hivi. Ya pili ni ubora wa mbao. Kuni za miaka ya kwanza, zile zilizo karibu na kiini cha shina, ni laini na dhaifu, na ubao uliopasuliwa humo hupindika ukikauka. Kila pete inayoongezwa nje baada ya miaka hiyo ni kuni iliyo imara zaidi. Basi mbolea ya umri wa kati huongeza unene upande wa nje, mahali panapotoa ubao ambao seremala haukatai. Kwa sababu hiyo hiyo, mtu auzaye miti yake ikiwa na miaka minane, ada ya shule ikiwa imembana, huuza kiini, na mnunuzi analijua jambo hilo kuliko yeye.

Yaliyoonekana katika nchi nyingine

Mahali palipotumia njia hii zaidi ni majimbo ya kusini ya Marekani, tangu Virginia na North Carolina hadi Texas. Msindano wa huko ni Pinus taeda, jamaa wa patula. Nyingi katika ardhi zilizopandwa misindano hiyo zilikuwa mashamba ya zamani ya pamba na tumbaku, yaliyochoka na kumomonyoka. Wachunguzi wa Chuo Kikuu cha North Carolina State, pamoja na makampuni ya misitu, walipima mashamba mengi ya umri wa kati kwa miaka mingi. Waliona kwamba fosforasi peke yake au naitrojeni peke yake mara nyingi haitoshi. Zikitiwa pamoja, kilo 224 za naitrojeni na kilo 28 za fosforasi kwa hekta, shamba huongeza kwa wastani mita za ujazo 3.5 kwa hekta kila mwaka, zaidi ya shamba lisilotiwa, na nyongeza hiyo huendelea kwa miaka minane hivi. Kisha mbolea huisha nguvu.

Tugeuze hesabu hiyo iwe katika mifuko. Kilo 140 za DAP hutoa fosforasi yote na naitrojeni kidogo. Kilo 432 za yuria hutoa naitrojeni iliyobaki. Kwa ekari moja ni mfuko mmoja wa DAP na kilo saba juu yake, na mifuko mitatu na nusu ya yuria, mifuko ikiwa ya kilo 50. Jumla ni zaidi ya mifuko minne na nusu kwa ekari. Mkulima aliyebakiwa na mfuko mmoja, akautawanya katika ekari mbili, ametia sehemu ndogo sana ya kipimo hicho, naye asishangae asipoona badiliko.

Nyongeza ya miaka minane, kwa hesabu ya Marekani, ni mita za ujazo 28 kwa hekta, yaani 11 kwa ekari. Tena hizo ni mita za miti iliyosimama, si za mbao. Mashine zetu ndogo za kupasulia hula sehemu kubwa ya gogo na kuigeuza kuwa maganda na unga. Wala mimi sisemi kwamba utapata kiasi hicho hicho hapa kwetu. Mti ni mwingine, udongo ni mwingine, na mvua zetu huja kwa msimu mmoja na kufuatiwa na kiangazi kirefu.

Habari iliyo karibu nasi zaidi ni ya Usutu, katika nchi ya Eswatini, iliyoitwa Swaziland hadi mwaka 2018. Huko mti ni patula kama wetu. Mtaalamu Mwingereza, Julian Evans, alianza mwaka 1968 kupima kama misindano ya kizazi cha pili, iliyopandwa baada ya ile ya kwanza kukatwa, hukua sawa na ya kwanza. Katika sehemu kubwa ya msitu ule ilikua sawa. Lakini katika sehemu moja ndogo, ambayo udongo wake umetokana na mwamba mweusi uitwao gabro, miti ya kizazi cha pili ilidumaa. Baadaye ilionekana kwamba kilichopungua pale ni fosforasi na potasiamu, na miti iliyopewa hivyo viwili ikarudia kukua. Yuria peke yake isingaliwafaa kitu. Msitu ni ule ule, mti ni ule ule, lakini upande mmoja una njaa na upande wa pili umeshiba. Na wenye njaa hawakukosa kile ambacho watu hukidhani kwanza.

Kazi itanguliayo

Wakulima wetu wengi hupanda karibu karibu. Nafasi ya mita 3 kwa 3 huchukua miti 450 katika ekari, mita 2.5 kwa 2.5 huchukua 650 hivi. Na wako wapandao mita 2 kwa 2, ambayo ni miti elfu moja. Kupanda karibu si kosa, kwa kuwa huzuia magugu upesi na kuinyoosha miti. Kosa ni kuiacha yote. Ufikapo mwaka wa kumi, miti ile hugombea nuru, na kila mmoja hupanda juu ukiutafuta mwanga, huku ukiacha matawi ya chini yafe. Mwishowe mti mrefu kama mnara huwa na kichungu kidogo cha sindano kileleni. Mti wa namna hiyo hauna mahali pa kuitumia mbolea.

Mimi mwenyewe nilifanya kosa hili. Nilikuwa na ekari moja ya misindano iliyobanana, nami niliona uchungu kukata hata mti mmoja, nikihesabu kila shina kuwa ni fedha. Nikanunua yuria mifuko mitatu, nikaitawanya mwezi wa Oktoba, baada ya manyunyu mawili matatu, kabla mvua hazijashika. Siku ya pili jua likawaka. Nilipoingia shambani asubuhi nilisikia harufu kali ya kuwasha pua, kama ya zizi lililofungwa. Ile ndiyo mbolea yangu iliyokuwa ikiruka hewani. Kilichobaki kiliota majani ya njia pembezoni, penye nuru. Miti yangu haikubadilika. Mwaka ule mahindi yangu yalikuwa ya manjano kwa kukosa mbolea ya kukuzia, na mke wangu hakusema neno. Alinitazama tu kila tulipopita shamba lile.

Basi kwanza punguza. Chagua miti iliyopinda, iliyogawanyika shina, iliyovunjika kilele, na ile midogo iliyofunikwa na wenziwe, uikate. Shamba la miti 450 kwa ekari laweza kubaki na 260 hivi. Lenye 1,000 lisipunguzwe lote kwa mara moja, maana miti iliyozoea kuegemeana huangushwa na upepo. Punguza mara mbili, ukiacha miaka miwili au mitatu katikati. Miti iliyokatwa si hasara: hutoa fito, nguzo za uzio, kuni, na iliyo minene hutoa mbao fupi.

Zuia pia tamaa ya kupogolea kupita kiasi. Kuondoa matawi yaliyokufa ya chini ni jambo jema, maana huzuia fundo katika ubao na kuzuia moto usipande juu. Lakini nimeona mashamba ambayo watu, wakitafuta kuni, wameikata matawi mabichi hata mti ukabaki na kitu kama mkia wa nyumbu angani. Sindano hai zisiwe chini ya theluthi moja ya urefu wa mti. Mti wenye pungufu ya hapo upunguziwe wenziwe na uachwe mwaka mmoja au miwili upanue kichwa chake, ndipo habari ya mbolea izungumzwe.

Kusoma visiki

Kupunguza kuna faida nyingine ambayo wengi hawaitumii. Kila kisiki kibichi ni daftari la miaka ya shamba lako. Kisafishe kwa panga kali au kwa randa, ukilowanishe kwa maji, uzitazame pete. Kwa kuwa kwetu miti hukua wakati wa mvua na kupunguza mwendo wakati wa kiangazi, pete moja ni kama mwaka mmoja, ijapokuwa mvua ya kiangazi huweza kutia pete ya uongo. Ukiona pete pana katikati, kisha zinapungua ghafula tangu mwaka wa sita au wa saba, hapo ndipo miti ilipobanana. Tazama visiki vya pembezoni, penye nafasi. Kama vya pembezoni vina pete pana na vya ndani vina nyembamba, adui wako ni msongamano, na kupunguza peke yake huenda kukatosha. Kama hata miti ya pembezoni, yenye nuru na nafasi, ina pete nyembamba, basi udongo una upungufu.

Kisha inua macho. Katika shamba lililokwisha kupunguzwa miaka miwili, simama katikati utazame juu. Ukiona mbingu nyingi kuliko sindano, na sindano zenyewe ni fupi, zenye rangi ya kijani-manjano, na tawi lina sindano za mwaka mmoja tu kwenye ncha, mti una njaa. Ukiona vichwa vimejaa tena na kijani kimekolea, usitie mbolea, nenda ukanunue kitu kingine.

Liko jambo moja la kuogopa. Katika Afrika ya Mashariki na ya Kati misindano huweza kukosa boroni, ambayo mti huihitaji kwa kiasi kidogo mno. Dalili yake ni kufa kwa kilele: chipukizi la juu hukauka wakati wa kiangazi, matawi ya pembeni hushindana kuchukua mahali pake, na mti huwa kama ufagio. Mti wenye upungufu huo ukipewa naitrojeni nyingi huzidi kuumia, kwa sababu huharakishwa kukua na hitaji la boroni likaongezeka. Uonapo vilele vilivyokufa katika miti mingi, usitie yuria. Mwite afisa misitu. Sindano zipelekwazo kupimwa huchukuliwa kutoka matawi ya juu yenye jua, zile za msimu uliokwisha kukomaa, si za chini wala zilizoanguka. Katika msindano wa Marekani, sindano zenye naitrojeni chini ya 1.2 katika mia, au fosforasi chini ya 0.12 katika mia, huhesabiwa kuwa na njaa. Kwa patula vipimo hivi ni vya kukisia tu.

Jaribu kwanza mahali padogo

Mkulima hawezi kila mara kupata kipimo cha maabara, lakini aweza kuuliza miti yenyewe. Nashauri kila mtu afanye hivi kabla ya kununua mbolea ya shamba zima.

Katika sehemu iliyokwisha kupunguzwa, pima viwanja viwili vya mita 30 kwa 30, vyenye udongo na mteremko unaofanana, visivyogusana. Kama kimoja ki bondeni na kingine ki kilimani, jaribio limeharibika kabla ya kuanza. Ndani ya kila kiwanja weka alama ya kiwanja kidogo cha mita 20 kwa 20. Humo mtakuwa na miti 25 au zaidi kidogo, na hiyo ndiyo utakayopima. Miti ya ukingoni haipimwi, maana mizizi yake huvuka mpaka na kuiba.

Katika kila mti pima mita 1.3 kutoka ardhini, chora mstari wa rangi pale, na uzungushe utepe wa fundi cherehani juu ya mstari. Andika mzingo kwa sentimita pamoja na namba ya mti. Mstari ni wa lazima. Bila mstari, mwaka wa pili utapima juu kidogo au chini kidogo na kujidanganya.

Kiwanja kimoja kitiwe kilo 39 za yuria na kilo 12 na nusu za DAP. Kingine kisitiwe kitu. Ili kutawanya sawasawa, kigawe kiwanja kwa kamba kiwe na miraba tisa ya mita 10 kwa 10. Kila mraba upate kilo 4.3 za yuria na kilo 1.4 za DAP. Pima kwa mizani ya dukani kopo lako hubeba kiasi gani, kisha tumia kopo hilo. Tawanya nusu ukienda mashariki na magharibi, na nusu ukienda kaskazini na kusini. Usirundike kwenye shina, kama wafanyavyo wenye migomba. Mizizi ya kula ya msindano wa umri huu imetapakaa shambani kote, chini tu ya zulia la sindano, na penye shina hakuna isipokuwa mizizi minene ya kushikilia.

Wakati wa kutia ni mvua zikisha kushika kweli kweli, kwa kawaida Desemba, ardhi ikiwa imelowana na mvua nyingine ikitarajiwa siku hiyo au ya pili yake. Yuria iliyolala juu ya sindano zenye unyevu kidogo, chini ya jua, hugeuka hewa na kupotea kama ilivyopotea yangu. Mvua ya wastani huishusha katika udongo, na ikisha kushuka ni salama. Siku ya mvua za mafuriko nayo haifai, hasa penye mteremko, kwani mbolea huteremka mtoni. Acha ukanda usiotiwa kando ya mto na chemchemi. Tena ikumbukwe kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za mto au ziwa. Kama misindano yako imepandwa humo, mbolea siyo hoja yako ya kwanza. Ng'ombe na mbuzi wasiingie mpaka mvua imeiyeyusha mbolea, wala mfuko usiachwe wazi nyumbani. Ng'ombe alambaye yuria hufa.

Pima tena kila mwaka mwezi wa Juni au Julai, miti ikiwa imepunguza mwendo. Linganisha nyongeza, si ukubwa. Kama kiwanja chenye mbolea kilianza na miti minene zaidi, unene huo haukutokana na mbolea. Chukua mzingo wa sasa, toa mzingo wa kwanza, ujumlishe nyongeza za kiwanja chote, ugawanye kwa hesabu ya miti. Mwaka wa kwanza huenda usione kitu, kwa sababu mti hujenga sindano kwanza. Mwaka wa pili na wa tatu ndio utakaosema. Kama nyongeza ya viwanja vyote viwili ni sawa, umeokoa bei ya mifuko mingi kwa kutumia mmoja na kipande. Kama chenye mbolea kimepita wazi wazi, sasa unayo hesabu ya shamba lako mwenyewe, si ya Marekani wala Eswatini, na waweza kumpelekea hata mkopeshaji.

Juu ya fedha na moto

Mbolea ya mahindi isichukuliwe kupelekwa msituni. Mfuko wa yuria katika mahindi hurudi baada ya miezi michache, nao hulisha nyumba. Katika misindano hurudi baada ya miaka minane, kama utarudi. Fedha ya mbolea ya miti iwe fedha isiyo na njaa nyuma yake. Wala sishauri mtu akope kwa riba ili aitie misindano mbolea, maana riba hukua kila mwezi, na msindano hukua kila mvua.

Yafaa pia kujua kwamba mbolea haichagui. Shamba lililopunguzwa hupata nuru chini, na ukilitia naitrojeni, nyasi na vichaka huota kwa nguvu kuliko miti. Vitu hivyo hunywa maji ya miti wakati wa mvua, na wakati wa kiangazi huwa nyasi kavu zifikazo kiunoni. Matawi ya miti uliyoikata nayo yamelala humo. Cheche moja ya mwenye kuandaa shamba lake la jirani, mwezi wa Septemba au Oktoba, itachukua miti, mbolea, na miaka kumi ya kungoja kwa mchana mmoja. Kwa hiyo, kabla ya kutawanya hata kopo moja, safisha njia ya moto kuzunguka shamba lote, uvute matawi makavu mbali na mashina, na ukubaliane na majirani siku za kuchoma. Kama nguvu zako za mwaka huu zatosha kazi moja tu kati ya mbili, kutia mbolea au kulima njia ya moto, lima njia ya moto, na mbolea ingoje mvua za mwaka ujao.

Daftari la vipimo lifungwe katika mfuko wa nailoni na kuwekwa pamoja na hati ya ardhi. Andika ndani yake tarehe ya kupanda, tarehe ya kila kupunguza na idadi ya miti iliyobaki, kipimo cha mbolea na siku iliyotiwa, na mvua iliyofuata. Mwoneshe mtoto mmojawapo mahali mistari ya rangi ilipo shambani, na umfundishe kushika utepe. Rangi hufifia baada ya mvua mbili. Irudishwe kila Juni, kabla haijapotea kabisa.